Chaji Iko

Jumamosi, saa tisa mchana. Mvua ya Kakamega imefika kwa wakati wake bila kukosa, na mabati yanapiga kelele kiasi kwamba hata nikilia hakuna atakayesikia. Sijalia. Nina wasiwasi tu, ule wa tumbo, ambao umenipeleka chooni mara tatu tangu chakula cha mchana.

Kesho saa nne kaka yangu Jafeti anakuja kutoka Lumakanda kumchukua Mama. Kabla ya kumchukua, amesema kwa simu, "tutaketi." Watu wa kwetu wakisema tutaketi, shida si viti. Anataka mume wangu aeleze kwa nini alimpeleka mama mzee jangwani kwa gari la betri, karibu amuue, halafu akambeba mikononi, yeye mkwe.

Mume wangu hataeleza. Na mimi ndiye ninayejua kwa nini.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea.

Marehemu Baba alikuwa mwalimu. Alifundisha miaka mingi katika shule moja ya msingi huko Turkana Kusini, na Mama akabaki Lumakanda na mahindi na sisi watoto. Kila Desemba Baba alirudi mweusi zaidi, mchanga ukiwa umejaa kwenye soksi. Mama alizikung'utia mlangoni na kusema kwamba siku moja ataenda kulitazama hilo jua linalomla mume wake. Hakuenda. Tulimzika Baba mwaka juzi, na tangu hapo Mama amekuwa akilirudia lile neno la siku moja, hasa akiwa anachambua maharagwe na anadhani hakuna anayemsikiliza.

Baba Imani, mume wangu, alimsikia. Yeye ni fundi wa stima, mtu wa Shinyalu, mpole kupita kiasi. Aliniambia, "Likizo ya Agosti tumpeleke." Tungepita Kitale, tushuke mpaka kwenye zile hifadhi mbili za nchi kame, Nasolot upande huu na Turkana Kusini ng'ambo ya pili, tulale kambini siku mbili, Imani wetu aone wanyama, kisha siku ya tatu tumfikishe Mama kwenye ile shule. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimechora jangwa ubaoni miaka kumi na moja na sijawahi kulikanyaga. Nilifurahi sana, na nikaanza kuogopa siku hiyo hiyo.

Niliogopa gari. Letu ni dogo, la mtumba, la umeme mtupu, halina hata tone la petroli. Mtaani wanaliita Tochi. Kwa safari za kwenda shule na kurudi sina neno nalo, asubuhi linakuwa limejaa kwa waya tunaoupitisha dirisha la jikoni. Lakini kulipeleka kusiko na dirisha la jikoni?

Niliogopa pia ukwe. Asiyetoka huku kwetu nimweleze kidogo. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawakai kiti kimoja, hawaangaliani usoni, na kwa Mama hata kuongea hawaongei. Kila neno hupitia kwa mtu wa tatu. Wengi siku hizi wamelegeza, lakini Mama, pamoja na uimbaji wake wote wa kwaya, husema kanisa ni kanisa na ukwe ni ukwe. Kwa hiyo alikaa nyuma kabisa ya kiti cha dereva ili wasionane hata kwa kioo, na Imani, mwenye miaka kumi, anayemwita Kukhu, yaani bibi, akakaa kando yake kama posta.

Sasa lile ambalo nimelikalia.

Wiki moja kabla ya safari Baba Imani aliniandikia maswali matatu ya kuwauliza watu wa kambi. Aliyaandika kwa herufi kubwa nyuma ya karatasi ya mtihani iliyokuwa mezani. Stima ni ya laini au ya sola? Soketi ni ya kubeba kitu kikubwa kama jiko la stima? Hukatikakatika? Akasema, "Uliza wewe, una Kiswahili kizuri kuliko mimi."

Nilipiga simu nikiwa stafurumu, nikisahihisha, siku ya kufunga shule. Sikuitoa ile karatasi. Niliuliza hivi: "Chaji iko?" Yule mama wa kambi akanijibu kwa furaha, "Iko, dada! Jua likiwaka, chaji iko." Nikamshukuru, nikakata.

Jioni Baba Imani akaniuliza, "Uliuliza yote matatu?"

Nikasema yote.

Mimi ambaye huwaandikia watoto wa watu kwa kalamu nyekundu: SOMA SWALI.

Safari ilianza vizuri kiasi cha kunitia hofu. Kitale tulilala kwenye hoteli yenye soketi ya maana, tukaamka na asilimia mia. Baada ya Kapenguria barabara inateremka mlimani, na gari hili likiteremka hujirudishia chaji. Imani alikuwa akisoma namba kwa sauti: themanini na nne, themanini na tano, themanini na sita. Mama akamwambia, "Uliza baba yako, hii gali hailiangi kwa nini? Isije ikatuua kimya kimya." Baba Imani akacheka, akamtuma Imani kusema kwamba gari lenye adabu halipigi kelele mbele ya wakubwa. Nilimwona Mama kwenye kioo changu akificha tabasamu kwa leso.

Huko Marich milima iliisha na joto likaingia kama mgeni asiyebisha hodi. Tukawasha kiyoyozi kwa ajili ya Mama. Namba zikaanza kuanguka. Upepo ulikuwa unatupinga, barabara ya kuingia kambini ilikuwa ya mawe na mchanga, na kila Imani alipotaja namba mimi nilihesabu moyoni kilomita za kurudi. Tandala wawili walivuka mbele yetu, wazuri ajabu, na mimi nikawaza tu kwamba tumefunga breki bure. Nilimgeukia Mama mara kwa mara, nikamuuliza kama ana kiu. Alisema la. Chupa yake nilikuwa nimemjazia mwenyewe Kitale, kwa hiyo nilitulia kwa hilo.

Tulifika na asilimia kumi na tatu. Nikajiambia, hakuna shida, chaji iko.

Yule mama wa kambi alikuwa mwema. Alitukaribisha kwa chai ya maziwa ya mbuzi, akatuonyesha mahema, kisha akatupeleka kwa fahari hadi kwenye kibanda chenye paneli moja ya sola juu ya paa. Ndani kulikuwa na ubao uliopigiliwa misumari, na kutoka kwenye ubao zilining'inia nyaya nyembamba za kila aina. "Chaji ndiyo hii," akasema. "Simu hata ishirini zinaingia."

Baba Imani aliutazama ule ubao. Halafu akanitazama mimi, mara moja tu.

Kutoka kwenye kivuli cha gari Mama akasema, "Imani, uliza baba yako, hakuuliza mambo ya stima kabla ya kuleta watu huku?"

Imani alimgeukia baba yake. Hakukuwa na haja ya kurudia, sote tulisikia. Baba Imani alivua kofia. "Mwambie Kukhu ni makosa yangu," akasema. "Sikuuliza vizuri."

Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao nimeshika mtungi wa maji. Ulimi ulikuwa wangu na nafasi ilikuwa yangu. Nilisema, "Basi tunyweni chai."

Nimeiandika na bado nasikia aibu masikioni.

Usiku huo hakuna aliyelala vizuri. Kesho yake tulibaki pale pale, tukisubiri pikapu ambayo mama wa kambi alisema ingepita na haikupita. Mama alikaa kivulini na Biblia yake. Hakula. Alisema hana njaa, ni joto. Imani alimpepea kwa kitabu cha kuchora. Mume wangu alizunguka gari kutwa nzima kama mtu aliyepoteza funguo, na mimi nilikuwa nikimkwepa, kwa sababu kila nikimwona nilitaka kusema na sikusema.

Asubuhi ya siku ya tatu, siku ambayo tungemfikisha Mama shuleni kwa Baba, alisimama kutoka kitandani, akashika nguzo ya hema, akaanguka.

Nilipiga yowe. Macho yake yalikuwa wazi lakini maneno yake hayakueleweka, na midomo imepasuka. Zahanati ilikuwa barabarani, kilomita kumi na sita. Simu asubuhi hiyo hazikushika. Nilijaribu kumwinua nikashindwa, Mama si mtu mdogo. Mama wa kambi naye ana mgongo. Pale palikuwa na mwanaume mmoja tu, naye alikuwa amesimama nje ya hema, mikono nyuma, uso umegeukia upande mwingine.

Nilimwita. Alisema, "Mama Imani, nitafanyaje?" Sijawahi kusikia mtu mzima akiuliza hivyo.

Mama ndiye aliyejibu, sauti ndogo sana. "Imani. Mwambie baba yako anifunge kwa shuka."

Baba Imani alichukua shuka la kitandani na blanketi jekundu, akamviringisha Mama kuanzia mabegani hadi miguuni bila kumgusa ngozi, akafumba macho kweli kweli, akambeba. Nilimwongoza kwa kumshika mkanda. Hivyo ndivyo mume wangu alivyompeleka mama mkwe wake mpaka garini, gizani mwa macho yake mwenyewe, huku akisema "samahani, samahani" bila kumtaja aliyekuwa anamwomba.

Tulizima kiyoyozi, tukazima redio, tukafungua madirisha, tukaenda mwendo wa baiskeli. Kumi na moja. Tisa. Saba. Nilikuwa nimempakata Mama kichwa nyuma, nikimdondoshea maji mdomoni. Tulipokaribia lami nikaona ile minara mikubwa ya stima inayotoka bwawa la Turkwel, nyaya nene zikipita juu ya vichwa vyetu kwenda kuwasha taa za watu wa mbali. Ninalifundisha bwawa hilo kila muhula. Chini ya nyaya hizo sisi tulikuwa na asilimia nne, na niliapa kwamba Mama akipona nitasema ukweli hapo hapo, mbele ya daktari.

Alipona. Sikusema.

Muuguzi alimtundikia dripu na kusema amekauka tu, na presha imeyumba kwa ajili hiyo. Akamuuliza kama alikuwa anakunywa maji. "Nilikunywa sana," Mama akasema. Muuguzi akatutazama kana kwamba sisi ndio tulioyameza. Mchana huo na nusu ya siku iliyofuata gari lilichajiwa kwa fundi wa kuchomelea mageti, kijana mcheshi ambaye kila alipowasha mashine yake chaji yetu ilikatika, akawa anachomelea kidogo, anangoja kidogo. Kisha tukarudi nyumbani, tukilala tena Kitale. Shule ya Baba hatukuiona. Ilikuwa imebaki mwendo wa saa moja hivi.

Juzi Mama alimpigia Jafeti simu. Nilimsikia kupitia ukutani. "Huyu omukhwe hakuuliza chochote. Alitupeleka tu." Na jana Jafeti akanipigia mimi, akitaka kujua kama ni kweli alimbeba. Nikasema kweli. Akasema hilo lazima liketiwe.

Baba Imani hajaniambia neno. Angeweza. Anajua nilidanganya tangu alipouona ule ubao. Lakini mbele ya Mama hana mdomo kwa mila, na mbele yangu ameamua kutokuwa nao. Sasa hivi yuko nje kwenye manyunyu anapangusa gari ambalo ni safi. Ile karatasi ya maswali ninayo. Ilikuwa ndani ya atlasi yangu muda wote, hata huko ilikwenda na kurudi.

Nimekuwa nikisema nitamwambia Jafeti kesho. Nikijichunguza vizuri, najua kesho Jafeti atakohoa tu, na mimi nitamimina chai.

Mvua imepungua. Naenda kwa Mama sasa, kabla sijaandika hata sentensi nyingine ya kunichelewesha.

*

Saa kumi na mbili kasorobo. Ninaandika haraka, mtanisamehe nikikosea herufi.

Nilimkuta Mama sebuleni anasuka kikapu cha Imani. Nilimpa ile karatasi. Alitafuta miwani, akasoma kwanza upande wa mtihani, nikamgeuzia. Akasoma maswali yote matatu, polepole, kidole kikifuata mstari.

"Nani aliandika?"

"Baba Imani. Alinipa mimi niulize. Sikuuliza, Mama. Halafu nikamwambia nimeuliza."

Mama aliiweka karatasi juu ya goti, akainyoosha. Nilingoja matusi, hata kofi ningelikubali. Alivua miwani.

"Na mimi maji sikukunywanga," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza akitazama kikapu. Tangu Kitale hakuwa amenywa zaidi ya mafunda mawili kwa siku. Angekunywa, angehitaji kujisaidia. Angehitaji kujisaidia, ingebidi Imani amwambie omukhwe asimamishe gari, na omukhwe ajue kwa nini, kwenye nchi isiyo na hata kichaka cha kumficha mtu mzima. Na kambini choo kilikuwa mkabala na hema letu, na yeye omukhwe yuko pale nje kutwa nzima anazunguka gari. "Heri nife," akasema. Chupa niliyomjazia alikuwa akiimwaga kidogo kidogo dirishani, ili nisimuulize.

Tulikaa tunatazamana, mama na binti, waongo wawili. Nilianza kucheka na nikajikuta nalia, na Mama akanipiga begani kwa kikapu.

"Mtoto wa watu," akasema. "Amebeba mzigo wako, amebeba wangu, halafu amenibeba mimi."

Akainuka, akajifunga leso, akatoka nje. Nilimfuata hadi mlangoni tu.

Baba Imani alikuwa upande wa pili wa gari anakunja waya. Alipomwona Mama aliinama haraka nyuma ya boneti, kama ipasavyo. Imani hakuwepo, yuko kwa jirani. Hapakuwa na mtu wa katikati, nami nilipotaka kwenda Mama akanizuia kwa mkono.

Alisimama mbele ya gari. Akalitazama kwenye taa.

"Wewe gali," akasema kwa sauti ya kanisani. "Nilikusingizia kwa kijana wangu. Wewe uliuliza, mimi sikujua. Kesho akija nitamwambia mwenyewe. Na pale uliponibeba, ulinibeba vizuri."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mabati. Niliona mgongo wa mume wangu ukipanda na kushuka nyuma ya boneti, na nikajua analia.

"Gari limesema halina neno, Mama," akajibu kutoka kule chini. "Limesema shule haijahama."

Mama akatikisa kichwa kuliitikia gari, akapangusa tone la mvua kwenye taa yake kwa pindo la leso, akarudi ndani. Alipopita karibu yangu akasema nimtafutie jogoo, kesho kuna wageni, na firigisi, ile nyama ya heshima, anajua mwenyewe itaenda sahani gani.

Mimi bado niko hapa mlangoni na simu yangu. Mama amemaliza lake. Langu halijaisha, maana Mama ameomba msamaha kwa gari, lakini mimi sina mila ya kujificha nyuma yake. Mimi na yule mtu tunaruhusiwa kuangaliana usoni.

Anakunja waya ule ule kwa mara ya tatu.

Naenda.